Je, wajua kwa nini sarafu za zamani za Wajerumani zilikuwa nyembamba kama karatasi?

Sarafu nyingi za Ujerumani za karne ya 12 zinashangaza, nyingine ni pana inafika sentimita 4 hivi lakini uzito haufiki hata gramu moja. Picha iko upande mmoja tu, ukiigeuza unakuta ileile imebonyea kwa nyuma. Zinaitwa brakteati. Fundi alichukua kibati cha madini ya fedha akakiweka juu ya kitu laini kama ngozi, akakigonga na muhuri mmoja, basi.

Sasa kwa nini utengeneze pesa inayopinda hivyo? Kwa sababu hata haikutakiwa idumu! Kule Magdeburg, Askofu Mkuu Wichmann (1152 mpaka 1192) alikuwa anazifuta sarafu mara mbili kwa mwaka, yaani ulizonazo leo ghafla hazitakiwi tena sokoni, inabidi uzipeleke zikabadilishwe na kiwango kilichozoeleka ukitoa 12 za zamani unapewa 9 mpya, robo nzima imekwenda na hiyo ndiyo ilikuwa kodi yenyewe. Matajiri waliokuwa wanalipana kwa vipande vya fedha vya kupimwa kwenye mizani haikuwagusa sana, aliyeumia ni mwenye visarafu vichache vya kununulia mkate, na mimi naona huo ulikuwa uonevu mtupu.

Ila picha zake ni nzuri mno jamani. Za Magdeburg nyingi zina Mtakatifu Mauritius, askari ambaye mapokeo yanasema alitoka Misri, na kanisa kuu la mji huo lina sanamu yake ya karne ya 13 inayomwonyesha kama Mwafrika mweusi kabisa.

Wafanyabiashara wa mijini walichoka. Miji ikaanza kutafuta haki ya kutengeneza sarafu yenyewe, mingine ikainunua kwa watawala, ili wawe na walichokiita fenigi ya milele (fenigi ni sarafu yao ndogo ya fedha), pesa isiyofutwa. Lübeck waliipata haki ya sarafu kwa Kaizari Friedrich wa Pili mwaka 1226, halafu 1379 wakakubaliana na Hamburg na Wismar kuwa na sarafu za uzito na ubora mmoja, ikiwemo witten iliyokuwa na thamani ya fenigi 4, ukitoka mji huu kwenda ule pesa yako inapokelewa tu. Kusini nako ilienea heller, kisarafu kilichoanzia Schwäbisch Hall chenye mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili, jina ambalo Wajerumani walikuja nalo mpaka huku Afrika Mashariki mwaka 1904, heller 100 kwa rupia moja, ndo hela yetu hii.

Watawala nao hawakuachia bure. Vienna mwaka 1359 Rudolf wa Nne aliacha kubadilisha sarafu kila mwaka, ila badala yake akaweka kodi ya asilimia 10 kwenye vinywaji vya vilabuni.