Anayejichafua Baada ya Kuzoea Poti Hakukomoi, Amefunga Choo

“Poti anaijua. Mwezi uliopita alikuwa anakwenda mwenyewe. Sasa anasimama nyuma ya mlango anajinyea. Huyu ananikomoa.” Maneno haya tunaambiwa kliniki na mama, na baba, na bibi, na mara nyingi hufuatwa na habari za fimbo. Naandika kwa kirefu leo ili safari nyingine nitume linki tu, nipumzishe koo.

Yale mepesi nayapita mbio. Watoto wengi huwa tayari kufundishwa kati ya miezi 18 na miaka 3: nepi inakaa kavu saa mbili hivi, chupi anaishusha mwenyewe, anafuata agizo la hatua mbili (“chukua kikombe, mpelekee dada”), na uso wake unakwambia haja inakuja. Nunua poti yenye kitako kipana isiyopinduka, ya kimo ambacho nyayo zake zinakanyaga sakafu. Mkalishe akiamka, baada ya milo na kabla ya kulala, dakika 3 hadi 5, si nusu saa akiangalia katuni kwenye simu. Mvulana aanze kwa kukaa hata kwa haja ndogo. Msichana atawazwe kutoka mbele kwenda nyuma. Kinyesi kimwagwe chooni na mikono ioshwe kwa sabuni, yako na yake, kwa sababu kinyesi cha mtoto hueneza magonjwa sawasawa na cha mtu mzima. Hakuna cha “ni cha mtoto tu”.

Kuhusu umri wa kuanza, uhakika tunaoonyesha kwenye mabango ni mkubwa kuliko tulio nao. Habari hizi za kusubiri dalili zinamtegemea sana Brazelton, daktari wa Marekani aliyeandika mwaka 1962 kuhusu watoto 1,170 wa kliniki yake. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries wakachapisha habari za Wadigo wa pwani ya Kenya, ambao huanza wiki za mwanzo tu baada ya kuzaliwa: mama anaketi chini amenyoosha miguu, mtoto katikati, anamtolea sauti yake ile ile mpaka mtoto aihusishe na haja. Kufika miezi 5 au 6 mtoto alitarajiwa awe mkavu. Kwa hiyo bibi akikwambia wewe ulikuwa hujichafui hata kabla ya kutembea, usimcheke. Ila pale kazi ya kusoma dalili ni ya mama, na mama yuko na mtoto kutwa. Sisi tunataka mtoto aifanye kazi hiyo peke yake huku mama yuko kazini. Ni masomo mawili tofauti, na sijui kwa nini tunayapima kwa mtihani mmoja.

Sasa huyo “mkaidi”. Choo kigumu kimoja tu kinatosha kuanzisha kisa chote. Huenda kilitokana na kuachishwa ziwa na kuhamia uji wa sembe na maziwa ya ng’ombe, au siku za homa asipokunywa vya kutosha, au alilazimishwa poti akawa anajibana. Kikatoka kwa maumivu, pengine kikachana ngozi kidogo. Haja ya pili ikija mtoto anafanya jambo la akili kabisa kwa umri wake: anaikatalia. Choo kikibaki ndani, utumbo mpana unaendelea kukifyonza maji, kinazidi ugumu na unene, na kesho yake kutoka kunauma zaidi, basi sababu ya kukatalia imeongezeka. Wiki kadhaa zikipita puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, inatanuka, na puru iliyotanuka haitoi tena taarifa sawasawa kwamba imejaa. Choo laini kinachoshuka kutoka juu kinapenya kando ya bonge la choo kigumu, kama maji ya mfereji yanayozunguka jiwe, na kuingia kwenye chupi bila mwenyewe kuhisi. Ukimuuliza kwa nini hukusema, akakujibu hakusikia, ujue hakudanganyi.

Hapa ndipo ninapoishiwa subira. Mtoto amesimama wima, kakaza makalio, kapishanisha miguu, anatembea kwa ncha za vidole, uso umewiva, jasho linamtoka, kashikilia kiti au kajificha nyuma ya pazia. Familia nzima inamshangilia: “Sukuma, sukuma!” Hasukumi. Anazuia kwa nguvu zake zote. Anayesukuma hukunja nyonga, huchuchumaa, huinama. Anayezuia hunyooka. Mwangalie magoti tu, hutakosea. Nimekwisha kukata tamaa ya kuona jambo hili likiandikwa kwenye mabango yetu ya ukutani, ilhali ndilo lingeokoa chupi nyingi na vipigo vingi.

Kosa linalofuata ni kuita hali hiyo kuhara. Chupi ina uji-uji mara tano kwa siku, basi mtoto anapewa ORS (maji ya chumvi na sukari) na zinki, tiba nzuri ya kuhara isiyo na kazi hapa. Kibaya zaidi ni dawa ya kuzuia kuhara, maana unafunga mlango ambao tayari haufunguki. Tofauti zipo wazi ukizitafuta. Anayehara kweli hutoa choo kingi cha maji na huonekana mgonjwa. Huyu hupaka kidogo kidogo, harufu kali, kisha baada ya siku kadhaa hutoa bonge kubwa ambalo watu wazima wanaitana kuja kulitazama. Hamu ya kula hupungua siku zinavyosonga, bonge likitoka anakula vizuri. Ukimlaza chali akatulia, unaweza kupapasa kitu kigumu chini ya tumbo upande wa kushoto. Wengine huanza na kukojoa mara kwa mara, kwa kuwa puru iliyojaa inabana kibofu.

Tiba huanza kwa kuacha mafunzo ya poti. Ndiyo, yaache. Mrudishie nepi, au mwache achuchumae popote anapojisikia salama, mpaka choo kiwe laini na kisimuume kwa wiki kadhaa mfululizo. Mtoto hawezi kujifunza kuachia kitu ambacho kikiachiwa kinamchana.

Dawa nzuri ni makrogoli, unga wa kulainisha choo unaochanganywa na maji, ikipatikana. Madukani kwetu inayopatikana kwa urahisi ni laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, na hufaa pia: kwa mwaka 1 hadi 4 ni mililita 2.5 hadi 10 mara mbili kwa siku, ukipandisha au kushusha mpaka choo kifanane na uji mzito. Kama bonge limejaa kwenye puru, kipimo hicho hakitalitoa. Linahitaji kusafishwa kwanza chini ya daktari, kwa makrogoli gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, siku 3 hadi 6. Wa kilo 12 atapata gramu 12 hadi 18. Siku hizo chupi zitachafuka kuliko mwanzo, na hapo ndipo wazazi wengi hutupa dawa. Vumilieni. Baada ya hapo kipimo kidogo kiendelee miezi 2 au zaidi, kisha kipunguzwe polepole, na kisiguswe kabla hajapata mwezi mzima wa choo cha kawaida. Anayeacha siku ya nne kwa kuwa “choo kimelainika” atarudi kwetu na bonge jipya. Utumbo hauzoei dawa hizi ukawa mvivu. Zinavuta maji ndani ya choo, basi.

Kipande cha sabuni njia ya nyuma, hapana. Kinaunguza ngozi laini ya ndani, na kinamthibitishia mtoto kwamba eneo hilo ni la maumivu. Mafuta ya nyonyo nayo yanakoroga tumbo hadi alie.

Chakula: maziwa ya ng’ombe yasizidi nusu lita kwa siku, sembe ipokezane na dona, awepo mchicha, maharage, papai, embe likiwa msimu. Lakini nikubali jambo ambalo tunalipitisha kimyakimya. Kwa mtoto ambaye tayari anakula na kunywa kawaida, ushahidi kwamba kumwongezea mboga na maji kunatibu choo kilichofunga ni dhaifu. Tunausema ushauri huo kwa sababu haudhuru na ni rahisi kuutamka. Usimkalishe mtoto wa miaka 2 na jagi la maji ukidhani umemtibu.

Choo kikishalainika, rudi kwenye poti kwa kuufuata utumbo wenyewe. Chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka, kwa hiyo mkalishe dakika 20 hadi 30 baada ya mlo. Kwenye choo cha kukaa mwekee kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga. Miguu inayoning’inia haimsaidii mtu kutoa choo. Choo cha kuchuchumaa kina mkao bora, ila lile tundu jeusi na mende wake linamtisha, na ana haki ya kutishika. Poti ianzie uani, isogezwe hadi mlangoni mwa choo, ndipo iingie ndani. Msifu kwa kukaa hata kama hakutoa kitu. Fimbo inaongeza hofu, na hofu inakaza msuli ule ule unaoutaka ulegee.

Usikae nyumbani na laktulosi kama tumbo limevimba, anatapika kijani, uzito unashuka, miguu haina nguvu, au choo chake cha kwanza baada ya kuzaliwa kilichelewa kupita saa 48. Akirudia kukojoa ovyo huku ana kiu isiyokatika na anakonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Na mtoto aliyebadilika ghafla, akaogopa kuguswa au kumwogopa mtu fulani, aulizwe kwa upole na aonwe na mtaalamu.

Kabla ya kumpeleka chekechea, ingia wewe mwenyewe kwenye choo cha pale. Hakina mlango, hakina maji, kinanuka? Mtoto atajizuia tangu saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, na tutaanza upya. Mwambie mwalimu amruhusu kutoka anapoomba, bila kungoja mapumziko, na umpange apate choo nyumbani baada ya kifungua kinywa, hata ikibidi kumwamsha nusu saa mapema.