Dakika 40 za Karatasini: Dhana Potofu Kuhusu Tangi la Klorini

“Tangi letu ni la mita za ujazo 200, tunapitisha mita za ujazo 300 kwa saa, kwa hiyo maji yanakaa na klorini dakika 40.” Kauli ya namna hii nimeisikia kwa wasimamizi wa mitambo ya maji mara nyingi kupita kiasi. Kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 30, huku klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, isipungue miligramu 0.5 kwa lita na pH iwe chini ya 8, msimamizi huona hesabu yake imekamilika. Haijakamilika. Dakika 40 ni wastani, na vijidudu haviuawi na wastani.

Tangi la klorini ni reakta, yaani chombo ambamo mmenyuko wa kemikali hufanyika, na maji yanayoingia pamoja katika reakta hayatoki pamoja. Tangi likiwa tupu ndani, bila kuta za kuyazungusha maji, sehemu ya mkondo hukimbia moja kwa moja kutoka bomba la kuingizia hadi la kutolea, ilhali maji ya pembeni yanazunguka palepale kwa muda mrefu. Ndiyo maana kanuni za Marekani hazihesabu wastani, bali muda ambao asilimia 10 ya kwanza ya maji inakuwa imeshatoka. Ili kuukadiria muda huo, wastani wa tangi lisilo na kuta za ndani huzidishwa kwa 0.1, na wa lenye kuta nyingi zilizopangwa vizuri kwa 0.7. Zile dakika 40, basi, ni 4 katika tangi la kwanza na 28 katika la pili.

Madhara yake ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tuchukulie kwamba kasi ya vijidudu kufa inalingana na idadi ya vilivyopo, na kwamba kama maji yote yangekaa muda uleule, kingenusurika kijidudu 1 tu kati ya 1,000. Kwa ujazo uleule, mtiririko uleule na klorini ileile, tangi lililochanganyika kikamilifu litaachia takriban 126. Ligawe katika vyumba vitatu sawa vinavyofuatana, hata kama kila chumba kimechanganyika kikamilifu, na vitabaki takriban 28. Hakuna klorini iliyoongezwa. Kilichobadilika ni njia ya maji tu. Kwa sababu hiyo huwasihi wateja wajenge kuta za ndani kabla ya kufikiria tangi la pili.

Wapo wanaosema kuchanganya zaidi ni bora siku zote. Ni kweli pale klorini inapoingizwa, ambapo inatakiwa kusambaa haraka katika maji yote. Baada ya hapo, kuchanganya maji yaliyotangulia na yanayofuata ni hasara. Wengine huamini kwamba maji yakipita bombani polepole na kwa utulivu, hayatawanyiki. Katika mtiririko tulivu wa aina hiyo maji ya katikati ya bomba huenda kwa kasi mara mbili ya wastani, hivyo ya kwanza hufika katika nusu ya muda uliokadiriwa. Msukosuko ndio unaozifanya kasi za katikati na za pembeni zikaribiane. Na kuongeza dozi hakutibu tangi bovu: klorini nyingi ikikutana na mabaki ya mimea huzalisha trihalomethani, kemikali zisizotakiwa katika maji ya kunywa, na kijidudu kiitwacho Cryptosporidium huihimili klorini hata hivyo.

Asiyekubali na apime kwa chumvi ya kawaida. Iyeyushe katika maji mengi ya tangi hilohilo, kwa sababu maji ya chumvi yaliyokolea ni mazito na yatazama chini, kisha uimwage kwa mkupuo mmoja penye mlango wa kuingilia na usome kipima upitishaji wa umeme kwenye bomba la kutolea kila nusu dakika. Katika tangi lisilo na kuta za ndani utaona namba zinapanda mapema sana, halafu zinashuka kwa kusuasua hata baada ya dakika 40 kupita. Fanya kipimo hicho wakati pampu zote zinafanya kazi na maji yako katika kina cha chini kabisa kinachoruhusiwa, maana tangi lililojaa wakati wa mahitaji madogo hutoa majibu ya kufurahisha yasiyofaa kwa lolote.