Pawasaplai ya kumaini ni nini hasa, na utajuaje kama ni salama

Watu wakianza kuongelea kumaini, yaani kuwasha mashine zipige hesabu ili ulipwe bitcoin au sarafu nyingine za mtandaoni, utasikia hashireti, ile kasi ya mashine kupiga hizo hesabu, utasikia bei ya bitcoin imefika wapi, utasikia mashine mpya ina terahashi ngapi, ambacho ni kipimo cha hiyo kasi, ila kile kiboksi kinacholeta umeme kwenye hiyo mashine kinatajwa mwishoni kabisa, tena kwa kuulizia cha bei rahisi. Na ukiangalia moto unaotokea kwenye vyumba vya kumaini, mara nyingi umeanzia hapo, au kwenye waya zinazotoka hapo.

Kwa kifupi pawasaplai inachukua umeme wa ukutani, ule wa AC wenye volti 110 au 220 na kitu kutegemea na nchi, inaugeuza kuwa DC wa volti 12 au karibu na hapo, halafu kazi yake ngumu zaidi ni kuzishikilia hizo volti zisiyumbe wakati mashine inavuta mzigo mkubwa. Zikiyumba, chipu zinaanza kutoa makosa, mashine inajirestati, hashireti inashuka na wewe unahangaika na intaneti kumbe tatizo ni umeme.

Sasa tofauti ya pawasaplai ya kumaini na ya kompyuta ya kawaida iko kwenye neno moja, mfululizo. Kompyuta ya gemu inavuta sana dakika chache inapumzika, inavuta inapumzika, lakini mashine ya kumaini inakula wati zilezile usiku na mchana, mwezi mzima, na feni inavuta hewa ya moto tu. Mtu kunyanyua gunia mara moja sio sawa na kutembea nalo kutwa nzima. Ndo maana pawasaplai za bei chee zinawaangusha watu, kwenye boksi wameandika 1000W kumbe hizo ni wati inazoweza kutoa kwa muda mfupi tu, sio za kutoa siku nzima. Wanaomaini wana kawaida ya kutozidisha asilimia 80 ya uwezo wake, na mimi naona hiyo ndo ya kufuata hata kama muuzaji anaapa kwamba yake inavumilia mia kwa mia. Mfano unamaini kwa kompyuta yenye kadi 6 za grafiki, kila moja inakula wati 120, hapo 720, weka na wati 100 za bodi, prosesa na feni unapata 820, gawanya kwa 0.8 inakuja 1025, kwa hiyo ukiona ya 850 usijidanganye kwamba itatosha, itatosha wiki za mwanzo. Hesabu hiyohiyo ipo hata ukutani, kanuni za umeme za Marekani zinahesabu mzigo wowote unaokaa saa 3 au zaidi kuwa ni mzigo endelevu, kwa hiyo breka ya kawaida ya ampea 20 unaichukulia kama ni ya 16.

Kitu kingine, acha kusoma namba kubwa ya kwenye boksi, geuza pawasaplai usome ile stika ya ubavuni. Tafuta mstari wa +12V, uone ampea zake, zidisha kwa 12. Kama stika inasema ampea 50 basi hizo ni wati 600 za kazi, hata boksi likisema 1000, kwa sababu zilizobaki wamezihesabia kwenye volti 5 na volti 3.3 ambazo kwenye kumaini hazina kazi kubwa, au hazipo kabisa. Kumaini kunakula volti 12 karibu tupu. Chukua Antminer S9, mashine ya zamani ila wengi wanaijua, inakula kama wati 1300, ukigawa kwa 12 ni ampea zaidi ya 108. Hizo ndo ampea zinazopita kwenye nyaya ndogo zile.

Halafu hiyo S9 inatufundisha na jambo la umeme unaoingia. Pawasaplai yake rasmi, APW3++, inatoa wati 1600 ikichomekwa kwenye volti 220, ila ukiichomeka kwenye 110 inashuka mpaka 1200. Yaani pawasaplai ileile, mashine ileile, ukiwa kwenye 110 haitoshi. Sababu ni kwamba volti zikipungua nusu inabidi ivute ampea mara mbili ukutani kupata wati zilezile, na ndani yake haijatengenezwa kuvuta hivyo. Mashine kubwa zilizofuata kama S19 zinakula zaidi ya wati 3000, pawasaplai imefungwa palepale juu yake na haikubali chini ya volti 200, kwa hiyo hapo huchagui pawasaplai, unachagua nyaya za jengo.

Tuje kwenye 80 PLUS maana hapa ndo watu wanapotea zaidi. Hiyo ni nembo ilioanza 2004 na ina madaraja, kuanzia ile ya kawaida, Bronze, Silver, Gold, Platinum mpaka Titanium, na inapima ufanisi, yaani kati ya umeme unaoingia ni kiasi gani kinatoka kama umeme na kiasi gani kinapotea kama joto. Kwenye mzigo wa nusu, kwa umeme wa volti 115, Bronze inatakiwa ifike asilimia 85, Gold 90, Platinum 92, Titanium 94. Inaonekana tofauti ndogo ila piga hesabu ya mzigo wa wati 1000. Yenye ufanisi wa 85 itavuta ukutani kama wati 1176, yenye 92 itavuta 1087, hapo umeokoa wati 89 au 90, kwa siku ni yuniti 2 na ushee, kwa mwaka zinafika kama 780. Kwa mtu anayemaini hiyo ni hela, na pia ni joto ambalo hukulazimika kulitoa chumbani kwa feni nyingine. Lakini 80 PLUS sio cheti cha usalama! Haikuambii kama ndani kuna kinga za shoti, na vipimo vyenyewe vinafanywa kwenye joto la kama nyuzi 23, wakati chumba cha kumaini kinaweza kuwa 38 au 40. Kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme kidogo ili volti zitulie, hazipendi joto, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata maisha ya kapasita karibu nusu, kwa hiyo angalia zilizowekwa ziwe za nyuzi 105, sio 85. Ukitaka usalama tafuta orodha ya kinga kwenye karatasi yake: shoti, volti kuzidi, volti kupungua, ampea kuzidi, mzigo kuzidi, na joto. Isiyotaja kinga ya joto mimi siinunui kwa kazi hii. Na alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, usiitegemee peke yake maana mara nyingi mtengenezaji anajiwekea mwenyewe.

Plagi sasa. Hapa ndo penye moto wenyewe. Joto kwenye waya linapanda kwa mraba wa ampea, ukipitisha ampea mara mbili joto linakuwa mara nne, sio mara mbili, ndo maana plagi inayokaa salama na mzigo fulani inayeyuka ukiongeza kidogo tu. Kwa viwango vyake plagi ya PCIe, ile inayoingia kwenye kadi ya grafiki, ya pini 6 ni ya wati 75, ya pini 8 ni 150. Plagi ya SATA, ile bapa ya diski ya kompyuta, kwenye volti 12 mwisho wake ni wati 54. Sasa raiza ya kadi, kile kibodi kidogo kinachobeba kadi ikae mbali na bodi kuu, inaweza kuvuta mpaka 75, halafu ndani ya pakiti ya raiza wanakuwekea kiadapta cha SATA cha bure. Kitupe. Usikiweke hata kwa majaribio, plastiki inalainika taratibu, pini inalegea, ikilegea ukinzani unaongezeka, ukinzani ukiongezeka joto linaongezeka, na mzunguko huo hausimami wenyewe mpaka kitu kikatike au kiwake. Mambo ya kugawa plagi moja iwe tatu nayo ni hayohayo. S9 inataka plagi 9 kwenye hashi bodi zake, zile bodi zenye chipu za kumaini, na 1 ya bodi ya kuongozea, zote 10, kama pawasaplai yako haina 10 basi haina.

Na usichanganye kebo za pawasaplai mbili tofauti hata kama zinaingia vizuri, maana upande wa kadi umepangwa kwa kiwango ila upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, unaweza kupeleka volti 12 palipotakiwa iwe sifuri na kadi ikafa sekunde hiyohiyo.

Wengine wanatumia pawasaplai za seva zilizotumika, ni chuma kweli, zimetengenezwa kwa kazi ya saa 24, na unafungia bodi ya kugawia ndo upate plagi za pini 6. Ubaya wake zinapiga kelele, na nyingi nazo zinapunguza wati kwenye 110. Ukiwa na pawasaplai mbili kwa mashine moja, plagi zote za hashi bodi moja zitoke kwenye pawasaplai moja, usipige moja huku moja kule, na ile ya bodi ya kuongozea iwashwe mwisho.

Ukutani usitumie ekstensheni nyembamba, na kama ni lazima basi isiwe imekunjwa, waya uliokunjwa hautoi joto. Waya wa ethi uwepo kweli, sio tundu tu la mapambo, mwite fundi umeme apime. Ukishawasha iache saa moja au mbili kisha pima joto la plagi kwa kile kipimajoto cha kuelekezea bila kugusa, anza na ile ya ukutani, halafu moja moja zile za kadi. Ukikuta moja ina joto kuliko wenzake wakati mzigo ni uleule, zima hapohapo, hiyo imelegea au pini yake ni mbovu, ibadilishe plagi pamoja na kebo yake.