Wingu la maneno halijui Kiswahili (lakini mi nalitumia hivyohivyo)

Nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Unguja, na walimu wenzangu wananiuliza sana hivi vile vipicha vya maneno, makubwa kwa madogo yamejazana kama wingu, vinasaidia kitu au ni mapambo ya ukutani tu? Vinasaidia. Ila kwa Kiingereza unakopi unapesti na mambo yanaenda, kwa Kiswahili usipoiandaa matini kwanza wingu litakudanganya mchana kweupe.

Kile kitu kazi yake ni kuhesabu, basi. Neno lililotokea mara 10 linatoka kubwa kuliko la mara 2. Sisi wa zamani tulianza na Wordle, sio ule mchezo wa kubahatisha herufi 5 jamani, nasema ile tovuti ya mawingu ya maneno ya 2008 ya Jonathan Feinberg, ilikuwa inatembea kwa Java, kiprogramu cha kuongezea kwenye brauza, na brauza zilipoikataa Java nayo ikafia hapo. Siku hizi kuna WordArt, kuna WordClouds, na kuna Mentimeter ambayo wanafunzi wanaandika kwa simu zao na wingu linakua hapohapo kwenye projekta.

Sasa shida iko hapa. Niliandika kihadithi kuhusu mapishi: mama anapika, jana alipika, kesho atapika, wageni wamepika, watoto hawajapika. Wewe na mimi tunaona kitenzi kimoja, pika, mara 5. Mashine inaona maneno 5 tofauti, kila moja mara 1, kwa hiyo kiini cha hadithi kinatoka kidogo kama sisimizi, halafu katikati wamekaa mabwana wakubwa wawili, "na" na "ya". Ukimpa mgeni wingu hilo atajua hadithi inahusu nini? Hajui.

Nikasema haya, nitenganishe viambishi, a na pika, wa me pika. Kichekesho! "a" ikapotea yote na "me" ikapotea yote, nikakaa nashangaa mpaka nilipokumbuka kwamba programu nyingi zina orodha ya maneno ya kuachwa na orodha yenyewe ni ya Kiingereza, kwa hiyo kiambishi chetu cha wakati timilifu kimefutwa kwa sababu kimefanana na neno la Waingereza. Na ile "na" ya wakati uliopo ikachanganyika na "na" ya mama na baba, zikawa dude moja kubwa.

Ninachofanya sasa ni kupitia matini kwa mkono, kila kitenzi nabakisha mzizi tu, nomino za wingi narudisha kwenye umoja, nafuta na, ya, wa, kwa, ni. Dakika 15 hivi kwa ukurasa mmoja. Wingu likitoka nawapa kabla hawajasoma chochote, nawaambia nitungieni hadithi, kisha tunasoma ya kweli tunalinganisha. Hapo kwenye kurudisha viambishi ndo raha, maana kuna aliyesema kwa furaha kabisa "mama anatapika pilau" badala ya "atapika", na darasa zima likajifunza siku hiyo kwamba -na- na -ta- hazikai pamoja hivihivi.

Mara nyingine nafanya kinyume, nafuta nomino zote nabakisha ya, wa, cha, vya, la. Nawapa maelezo ya chumba, kiti cha mbao, kitanda cha bibi, kioo cha ukutani, na "cha" inavimba katikati, halafu nauliza hivi vitu vilivyofutwa vinaanzaje? Wakishasema ki- wenyewe, mimi ngeli sielezi tena, naenda kunywa chai.

Kwenye Mentimeter angalia tahajia, mmoja akiandika pweza na mwingine pwesa yatatoka maneno mawili, mi siwasahihishi kabla, nawaachia wayaone. Na msidanganyike na urefu, "wanafunzi" litaonekana kubwa kuliko "mtu" hata kama yametokea mara sawa, kwa vile limechukua nafasi zaidi. Rangi nazo mara nyingi hazina maana yoyote, zimepigwa ovyo, kwa hiyo printi nyeusi na nyeupe tu uokoe wino. Na bando likiwa la mashaka, tengeneza wingu usiku nyumbani, lipige picha ya skrini, darasani unaonyesha picha.