Funza wa Puani kwa Kondoo: Maswali ya Wafugaji na Majibu

Kondoo wangu wanapiga chafya na kamasi haziishi. Nimewanywesha albendazole, dawa ya minyoo, hakuna nafuu. Wana nini?

Huenda ni funza wa nzi aitwaye Oestrus ovis, na albendazole haimgusi. Nzi huyu hatagi mayai. Huwanyunyizia kondoo na mbuzi puani funza walio hai, wa kama milimita moja. Ndiyo maana jua likiwaka utawakuta kondoo wamesongamana, kila mmoja kaficha pua chini ya mwenzake. Funza hupanda hadi kwenye matundu ya fuvu na kunenepa humo. Pasua kichwa machinjioni umtazame: mweupe wa maziwa, mistari myeusi mgongoni, ndoano mbili mdomoni. Dawa ya ivermektini humuua, ila dozi na siku za kusubiri kabla ya kuchinja mwulize daktari wa mifugo.

Kama anaonekana kwa macho, kwa nini mnampima vinasaba (DNA) maabara?

Kwa sababu akiwa mchanga hufanana mno na ndugu zake, na ukoo huu ni mkubwa. Nyumbu wa porini hubeba funza aitwaye Gedoelstia, ambaye nzi wake huweka funza machoni. Nyumbu mwenyewe haumwi sana, lakini kusini mwa Afrika kondoo waliochunga karibu na nyumbu wametokwa macho, wengine wakafa. Punda na pundamilia nao wana funza wa Gasterophilus tumboni. Mifugo na wanyamapori wakila nyasi moja, lazima tujue nani anamwambukiza nani, la sivyo utamlaumu nyumbu kwa kosa la kondoo wa jirani. Nzi mzima naye ni shida kumnasa: hali chochote na huishi muda mfupi tu.

Kipimo chenyewe kikoje?

Kipande kidogo cha funza hutolewa vinasaba, kisha mashine ya PCR huzidisha nakala za sehemu ya jeni iitwayo COI, kama herufi 650 za vinasaba hivi. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake nchini Kanada walipendekeza sehemu hiyo itumike kutambulisha wanyama, kama namba ya bidhaa dukani. Herufi hizo hulinganishwa na zilizomo kwenye hifadhidata. Nzi wengi wa wanyamapori bado hawajaingizwa humo, kwa hiyo usitupe mwili uliobaki. Vitundu vya kupumulia vilivyo nyuma ya funza bado humsaidia mtaalamu mwenye hadubini.

Nimtunzeje hadi maabara?

Hapa ndipo sampuli nyingi hufia. Niliwahi kuletewa kopo la funza wanene, wazuri kabisa, wakiwa kwenye formalini, maji ya kuhifadhia miili. Formalini huharibu vinasaba, na safari yote ile ikawa bure. Tumia ethanoli (alkoholi) kali, asilimia 96 ukiipata. Tumbukiza karatasi yenye aina ya mnyama, mahali na tarehe, na uandike kwa penseli, maana wino huyeyuka.

Anaweza kumwingia binadamu?

Ndiyo, hasa mchungaji. Utahisi kitu kimekupiga jichoni, kisha jicho linawasha kama lina mchanga, jekundu, linatoa machozi. Usilisugue wala usitie dawa za kienyeji. Wahi kliniki ya macho, useme wazi kwamba unachunga kondoo. Funza huyu kwa kawaida hakui jichoni mwa mtu. Daktari hulitia jicho ganzi na kuwatoa mmoja mmoja kwa kibanio. Mwombe awahifadhi kwenye ethanoli.