Mzio wa chakula na maji ya utumbo

Mtu wa pwani ya Mtwara au Lindi akila kamba au korosho, na kabla ya saa kupita tumbo likaanza kumsokota na kuhara maji, wanaomzunguka husema chakula kilikuwa kimeharibika. Wakati mwingine ndivyo ilivyo. Lakini watu watano wakila sinia moja akaugua mmoja tu, tena yuleyule aliyeugua mara iliyopita kwa chakula hichohicho, inafaa kuufikiria mzio, yaani hali ya kinga ya mwili kukishambulia kitu ambacho kwa wengine hakina dhara lolote.

Kuhara kwa namna hii hakueleweki bila kwanza kujua kazi ya utumbo katika siku ya kawaida. Utumbo wa mtu mzima hupokea takriban lita 9 za maji kwa siku: kama lita 2 zinatokana na chakula na vinywaji, na zilizobaki ni mate, nyongo na majimaji ya tumbo, kongosho na utumbo wenyewe. Karibu yote hurudishwa mwilini, na yanayotoka na choo ni mililita 100 hadi 200 tu, kwa hiyo hata hitilafu ndogo katika hesabu hiyo inatosha kumharisha mtu.

Jambo la msingi ni kwamba utumbo hauna pampu ya maji. Una pampu za chumvi, na maji huifuata chumvi iendako. Anayetaka kuliona hilo kwa macho na amtazame mama anayetayarisha samaki wa kukausha: akishampasua na kumpaka chumvi, muda si muda vitone vya maji hutokeza juu ya mnofu na kuanza kuchuruzika, kwa sababu maji yaliyokuwa ndani ya nyama yameifuata chumvi iliyo nje. Katika utumbo, chumvi husafiri ikiwa imegawanyika katika chembe zenye chaji ya umeme ziitwazo ioni, hasa sodiamu na kloridi. Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno, na kati yake mna vishimo. Seli za vijidoleni hufyonza sodiamu na kuiingiza mwilini, ilhali seli za vishimoni humwaga kloridi kwenye uwazi wa utumbo.

Mzio huivuruga mizani hiyo. Mtu huanza kwa kukutana na protini ya chakula bila dalili yoyote, lakini mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, za aina ya IgE, ambazo ziligunduliwa katika miaka ya 1960, na kingamwili hizo hujibandika juu ya seli masti, yaani seli za kinga zenye vifuko vya kemikali, zilizotapakaa chini ya utando wa utumbo. Protini ileile ikirudi siku nyingine, huzishika kingamwili mbilimbili, na seli masti hupasua vifuko vyake kwa dakika chache na kumwaga histamini, huku zikitengeneza prostaglandini na kemikali nyingine. Kemikali hizo huziamuru seli za vishimoni, moja kwa moja na kupitia mishipa ya fahamu ya utumbo, zifungue milango ya kloridi. Kloridi ikitoka, sodiamu huifuata kwa kupenya kati ya seli, na maji huzifuata zote mbili. Wakati huohuo ufyonzaji wa sodiamu hupungua, na viungio vya seli hulegea kiasi kwamba protini zaidi ya chakula hupenya na kuuchochea mzio upya.

Haya yamepimwa kwa wanyama. Chombo kilichobuniwa na Hans Ussing wa Denmark, aliyekitumia kwanza kwa ngozi ya chura karibu mwaka 1951, hupima mkondo wa umeme unaopita katika kipande cha utando kilicho hai. Kipande cha utumbo wa panya aliyefanywa awe na mzio wa protini ya yai kikiwekwa humo na kudondoshewa protini hiyo, mkondo hupanda kwa dakika chache. Ndizo ioni zinazohama.

Wabanguaji wa korosho wasichanganye haya na mikono inayoungua kwa mafuta ya ganda. Hayo ni madhara ya ngozi yenye njia yake, na anayeunguzwa na ganda si lazima adhurike kwa kula punje. Kwa mwenye mzio wa punje, kuikaanga hakumwokoi, kwani protini zake huvumilia moto, kama ile ya kamba inavyovumilia kuchemshwa.

Hata mzio unapopamba moto, upo mlango mwingine katika vijidole unaoingiza sodiamu ikiwa imeshikana na sukari, na ndiyo maana maji ya ORS, yenye vyote viwili, huweza kurudisha yaliyopotea. Lakini midomo ikivimba, sauti ikikwaruza, pumzi ikibana au mgonjwa akilegea, ORS haitoshi: anahitaji sindano ya adrenalini bila kuchelewa, na safari ya hospitali ianze wakati huohuo.