Garanti ya nyumba: mwisho ni miezi mitatu

Hapa Lubumbashi, komini ya Katuba hadi komini ya Kenya, utasikia wakisema juu ya mwenye nyumba na garanti, pesa ya dhamana ambayo mpangaji anamwekea akiingia: "Nyumba ni yake, garanti ataomba anavyotaka." Si kweli. Sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Chumba cha dola 50 kwa mwezi, mwisho ni dola 150. Nimeona mama akiuza cherehani yake ili atimize miezi kumi, na inauma. Mwenye nyumba naye ajue: pesa ile si kodi wala zawadi. Mpangaji akitoka bila deni na hajaharibu kitu, anarudishiwa. Siku ya kuingia zungukeni vyumba pamoja, muandike hata kioo kilichopasuka.